Mkono Usiokunjuka

Mwaka ule Manyara ilipofanywa mkoa, Sulle wa kijiji cha Daudi alikuwa na mke mchapakazi, Benedikta, aliyemeza dawa za ukoma bila kukosa. Mabaka yalishafifia. Asubuhi moja alikuwa akikandika ukuta kwa udongo na samadi, akiulainisha kwa viganja, huku akimtania mumewe kwamba mikono yake inajua kibuyu cha pombe tu.

Jioni uso ukavimba, mwekundu. Kiwiko kikamuuma hata vidole vikakataa kukunjuka.

Nesi Monica wa hospitali ya Mbulu alishamwonya Sulle: hilo likitokea, ni mwili unapigana na vijidudu vya ukoma. Amlete siku hiyohiyo, vidonge vya kuutuliza vipo, na dawa asiache. Sulle alisikia vizuri. Lakini miguu ilimpeleka kwa mama yake. Huko hakuhitaji basi.

Bibi Qamara, mama mtu, akasema dawa za hospitali zimechokoza kitu kilichotumwa. Akazitupa chooni. Benedikta akafungiwa kwenye kibanda cha ndama, asipewe moto wa jirani wala asikanyage njia ya watu.

Kila alfajiri, ukungu ukiwa bado mzito, Sulle alimpelekea uji. Sauti ilitoka kwenye ufa wa mlango.

"Baba Gerald, nipeleke Mbulu. Vidole vinajikunja."

"Mama amesema tusubiri."

Basi la Mbulu lilipita barabarani likipiga honi. Mwanaume mzima akasubiri.

Baridi ilimwua humo kibandani, vidole vimejikunja kama makucha ya mwewe. Na asije mtu akasema alirogwa. Alifungiwa.

Msibani Sulle alilia sana. Kulia hakuhitaji nauli.

Matanga yalipoisha, akaukandika ukuta upya. Kulipokucha, alama ya mkono. Vidole vimekunjwa. Akaifuta. Ikarudi. Bibi Qamara akachinja kondoo. Ikarudi chumbani, ukutani juu ya kitanda.

Sulle akabomoa nyumba, akajenga ya matofali. Fundi Hermani, mgeni asiyejua lolote, akapiga plasta ya saruji, akafunga mlango, akalala na ufunguo.

Asubuhi alimwita Sulle kwa sauti ya chini.

"Mzee, nani aliingia humu?"

Saruji ilikuwa imekauka. Mkono ulikuwa pale, juu ya mahali pa kitanda, vidole vilevile. Sulle akaugusa.

Alama zile za kwenye udongo zilikuwa zimezama ukutani. Huu ulikuwa umetokeza nje, kama wa mtu anayesukuma kutoka ndani ya tofali.