Kiti cha Nne

Jua lilikuwa linazama nyuma ya miti Kinyozi alipotumwa viti. Kazi nyepesi kabisa: nenda kwenye gari, fungua buti, toa viti vitatu vya turubai, rudi tukae. Alikwenda akipiga mluzi, kasuku begani, kandambili zikimchapa visigino pa, pa, pa. Tumbo lilitangulia, mwenyewe akafuata. Upara wake uling'aa kiasi kwamba mbu walikuwa wanateleza.

Akatoa kiti cha kwanza. Akatoa cha pili. Akatoa cha tatu. Akashika mlango wa buti aufunge...

Kulikuwa na cha nne.

Kililala chini kabisa, kimekunjwa, mkanda wake wa kijani umefungwa vizuri. Mluzi ulimkatikia mdomoni.

"Fundi!" aliita. "Nani kapakia viti vinne?"

"Kwani sisi ni wangapi?"

"Watatu."

"Sasa unaniuliza mimi? Kimoja chako, kimoja cha tumbo lako. Lete tukae!"

Zamani wangecheka mpaka mbavu ziume. Safari hii hakucheka mtu.

Fundi alikuwa mchomeleaji wa vyuma, shingo nene kama nguzo ya geti, mikono imejaa madoa ya cheche. Mwenzao wa tatu alikuwa Mwalimu wa hesabu, mwembamba, anayeongea kana kwamba ana chaki mkononi. Walikuwa marafiki tangu wakiwa na kaptula za shule, na kila msimu wa joto walikuja kupiga kambi kwenye ziwa hili: siku mbili, hema moja, sufuria moja. Ila miaka yote walikuwa wanne.

Wa nne alikuwa Shoto. Alikuwa kinyozi vilevile, mshirika wa Kinyozi katika saluni yao ya viti viwili, na mume wa dada yake mdogo. Alinyoa kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana ya jina hilo. Kasuku alikuwa wake, na jina alimpa yeye: Meneja. Alimfundisha maneno ya aina mbili tu. Mteja akikaa: "Karibu kiti, bosi!" Mteja akiinuka: "Anayefuata!" Miaka mitatu Meneja alisimamia saluni ile na hakuwahi kukosea. Wateja walisema ndiye mfanyakazi pekee pale asiyechelewa kazini.

Shoto alikufa mwaka jana. Hapahapa.

Asubuhi ile aliingia ziwani bila nguo hata moja, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Utani ulikuwa wa Kinyozi. Yeye ndiye aliyenong'ona, "Tuchukue nguo zake, tuzunguke na gari nusu saa, turudi tumcheke." Wakaondoka wakipigana makofi mgongoni. Njiani gari likapata pancha. Nusu saa ikawa saa tatu nzima. Wakiwa wanarudi wakapishana na familia moja iliyokuja kupiga picha ufukweni, na mama wa watu akatoa kichwa dirishani.

"Kule majini kuna mwenzenu," alisema. "Mchangamfu kweli! Tangu tufike yumo ndani mpaka shingoni, anatabasamu tu."

Walipofika, maji yalikuwa yametulia tuli.

Wakaapa kusema hivi: tulikuwa tumelala, akaenda kuoga peke yake. Kinyozi akaziweka nguo juu ya jiwe. Lakini mikono yake, bila kumuuliza, ikazikunja. Mara tatu, kingo juu ya kingo, kama taulo za saluni.

Dada yake alizitazama nguo zile mwaka mzima. Wiki iliyopita akasema, "Kaka, mume wangu katika miaka tisa hakuwahi kukunja hata soksi. Nani alizikunja? Nendeni tena huko, mumchukue na Meneja akaage alipofia bwana wake. Jumapili ukirudi, unijibu."

Gari likalala uani kwake. Alfajiri wakaondoka. Fundi na Mwalimu hawakufuata mapumziko. Walifuata mdomo wa Kinyozi, wahakikishe unabaki umefungwa.

Moto ulishika. Viti vikapangwa kuuzunguka, na Kinyozi kwa mazoea akakifungua na cha nne, mahali pake pa siku zote. Alipogundua alichofanya, aliona aibu kukikunja tena.

"Jumapili utamwambia nini?" Fundi aliuliza, akivunja kuni gotini.

"Bado nafikiria."

"Usifikirie. Hujazoea, utaumia."

"Tulikuwa tumelala," Mwalimu alisema. "Maneno mawili. Hata huyo ndege wako angeyashika."

"Ni dada yangu, jamani. Hajalala mwaka mzima."

"Na mimi nina watoto watatu na kazi. Ukifungua mdomo tunazama wote."

Neno hilo lilimtoka Mwalimu vibaya. Wote watatu wakageuka kutazama ziwa. Lilikuwa jeusi sasa, bila wimbi, bila chura.

Hapo ndipo Meneja aliposimamisha manyoya. Aligeuka begani kwa Kinyozi, akakitazama kiti kitupu.

"Karibu kiti, bosi!"

Hakuna aliyekuwa amekaa.

Turubai likabonyea... polepole... kama linavyobonyea mtu mzito akijishusha kwa adabu. Chini yake yakaanza kudondoka maji. To. To. To. Ikaja harufu ya matope ya ziwa, na juu ya matope, kali na safi, harufu ya spiriti ya kupaka baada ya kunyolewa.

Kinyozi, pamoja na upara wake wote, alihisi nywele zinamsimama.

"Anayefuata!"

Turubai likaruka juu. Kisha nyuma ya kiti, pale anaposimama kinyozi akiwa kazini, nyasi zikalala chini. Alama mbili za miguu.

"Upepo," alisema Mwalimu.

Moshi wa moto ulikuwa unapanda wima kama kamba.

Fundi akainuka, uso umemwiva. "Kinyozi, huu ni utani wako. Kama ule mwingine. Umefunga uzi mahali, umemfundisha ndege, unataka tuogope ndiyo upate ruhusa ya kwenda kulia kwa dada yako. Sasa tazama!"

Akakiendea kiti, akajitupa juu yake kwa mwili wote. "Haya! Aje aninyoe!"

"Karibu kiti, bosi!"

Fundi akacheka. Kicheko kikakatika.

Kichwa chake kilianza kuinama mbele. Hakukiinamisha yeye. Shingo ile ya nguzo ilikuwa inapingana, mishipa imetoka, na bado kidevu kilishuka, kikashuka, mpaka kifuani. Kama kiganja kimewekwa kisogoni.

Ngrrrrr...

Mashine ya kunyolea. Na mahali pale umeme ulikuwa mbali kwa mwendo wa nusu siku.

"Ni kasuku... anaiga," Mwalimu alinong'ona.

Kinyozi aligeuza macho. Mdomo wa Meneja ulikuwa umefumbwa, umebana punje ya mahindi.

Nywele zikaanza kudondoka mabegani kwa Fundi, zimelowa. Mstari ulianzia sikio la kushoto. Kila kinyozi ana mkono wake, kama kila mtu alivyo na mwandiko wake. Yeye Kinyozi huanzia kulia. Maishani mwake alimjua mmoja tu aliyeanzia kushoto.

"Anayefuata!"

Fundi akasimama. Alikuwa ametulia kabisa. Akatembea kuelekea ziwani na viatu vyake, maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Yalipofika shingoni akageuka, akasimama, akawatazama.

Anatabasamu.

Walimtoa wawili, wakiteleza na kulia na kumtukana. Alikuwa baridi kama chuma cha asubuhi, lakini anapumua. Wakamfunga blanketi, wakamlaza ndani ya gari. Tabasamu halikumtoka.

Walirudi motoni kuchukua funguo. Ghafla Mwalimu akanyoosha mkono, akamnyakua Meneja begani kwa Kinyozi, akambana shingo.

"Namnyonga. Akinyamaza huyu, mambo yanaisha."

"Muache, Mwalimu! Ndege wa watu!"

"Usinisogelee! Wewe ndiye uliyesema tuchukue nguo. Wewe! Umeua mtu kwa kuchekesha, halafu unataka tufungwe nawe!"

Alirudi nyuma hatua moja. Hatua ya pili. Kisigino kikagonga mguu wa kiti.

"Karibu kiti, bosi," alisema Meneja, shingo ikiwa ndani ya ngumi, kwa sauti ndogo sana.

Ngumi ikafunguka, ndege akaruka gizani. Kichwa cha Mwalimu kikaanza kuinama.

Ngrrrrr...

Kinyozi alimrukia, akamshika mikono miwili, akavuta kwa nguvu zake zote. Ilikuwa kama kung'oa mti. Kisha akahisi kitu kinamgusa kifuani. Mkono. Umelowa. Haukumpiga. Ulimsogeza pembeni taratibu, kama Shoto alivyomsogeza mara mia kwa siku katika kile chumba chao chembamba. Pisha kidogo, shemeji, nipo na mteja.

Akapiga magoti.

"Shemeji," alinong'ona. "Mimi ndiye niliyezikunja. Utani ulikuwa wangu. Nitamwambia. Jumapili nitamwambia yote, naapa... niachie huyu."

Mashine ikazimika.

Mwalimu akaanguka majanini, nusu ya kichwa ina nywele, nusu haina. Ziwa kimya. Walimkuta Meneja juu ya paa la gari, anawasubiri, na safari hii hakusema "Anayefuata". Hema, sufuria na kile kiti cha nne waliviacha hukohuko. Kinyozi aliendesha mpaka kukapambazuka bila kutazama kioo cha nyuma hata mara moja.

Lakini mwanga wa mchana una kazi yake. Kufikia saa sita Fundi alikuwa amekunywa chai na kuanza kuongea. Hakukumbuka kitu isipokuwa kimoja: ufukwe ulikuwa umejaa watu, akaona aibu kutoka majini. Mwalimu alimaliza nusu iliyobaki kwa wembe wa nyumbani, akavaa kofia, akaanza kusema habari za uchovu na moshi wa kuni mbichi. Jumapili wakamsindikiza Kinyozi mpaka kona ya nyumba ya dada yake.

"Tulikuwa tumelala," Fundi alisema, bila kumtazama.

"Maneno mawili," alisema Mwalimu.

Dada yake alikuwa jikoni, mbele yake beseni la nguo zilizokauka. Mlango wa uani ulikuwa wazi, jua limejaa ndani, redio ya jirani inaimba. Meneja akaruka kutoka bega la Kinyozi, akatua kwa mwenyewe.

"Karibu, kaka. Umekonda siku mbili tu?"

"Wali wa Fundi, mdogo wangu. Ule si chakula, ni adhabu."

Alicheka peke yake. Dada alisubiri kicheko kiishe. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala.

"Haya. Nani alizikunja?"

Njia nzima alikuwa ameyapanga. Nilizikunja mimi. Nisamehe. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Akamtazama mdogo wake, yule aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto, akaona namna atakavyomtazama baada ya kuyasikia. Akafungua mdomo.

"Tulikuwa tumelala, dada."

Hakukasirika. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia.

"Na kile kiti cha nne," aliuliza, "mlikikalia?"

"Kiti... kiti gani?"

"Nilichowapakia. Gari lilipolala hapa uani." Alisema kama anayesema amepakia chumvi. "Mwaka mzima naongea naye usiku, kaka. Hanijibu. Juzi nikamwambia: kama husemi, basi fanya kazi yako."

Akanyoosha mguu chini ya meza, akakivuta nje.

Mkanda wa kijani. Turubai lilikuwa bado limelowa.

"Kaa, kaka."

Alitaka kukimbia. Miguu haikumsikiliza, ilimsikiliza dada. Akakaa.

"Karibu kiti, bosi!"

Sasa alitaka kusema. Yote! Nguo, gari, pancha, jiwe, yote! Lakini kiganja cha baridi kilikuwa kimetua kisogoni, kikasukuma, kidevu kikazama kifuani kama yeye mwenyewe alivyozamisha videvu elfu kwa elfu. Na sikioni, kwa pumzi yenye matope, yakaja maneno aliyozoea kuwaambia wateja wenye domo:

"Tulia. Usiongee, nitakukata."

Kwa chini ya nyusi aliiona mikono ya dada yake. Yote miwili ilikuwa juu ya meza. Ilikuwa inakunja taulo. Mara tatu, kingo juu ya kingo.

Ngrrrrr...

Ilianzia sikio la kushoto.

Na Kinyozi hakuwa na unywele hata mmoja wa kutoa.