Mchezo wa Kageha Ndani ya Pipa

Wewe umewahi kuona mtu akiililia kompyuta kama anayelilia maiti? Alhamisi, saa kumi na mbili unusu asubuhi, hapo Lubao, Kageha alikwenda nyuma ya jiko kuteka maji ya mvua. Akaikuta kompyuta yake imezama ndani ya pipa, flashi bado imechomekwa ubavuni.

Humo mlikuwa na kazi ya miaka miwili: mchezo wa video alioutunga na kuuchora mwenyewe, wa msichana anayeanza kuchora kwa makaa ukutani mpaka anakuwa mchoraji kamili. Kesho yake ungeonyeshwa mjini Kakamega, na mshindi angepata nafasi ya kusomea kazi hiyo. Nakala nyingine haikuwepo. Kageha aliogopa kuibiwa.

Bibi yake mzaa mama, Edah, alifika saa nne kutoka Butali. Hakukanyaga kwa Shitanda, babake Kageha, maana mama mkwe haingii ovyo kwa mkwewe. Alikaa barazani kwa jirani, Makhanu, akavua viatu vyake vyeusi, akavipanga chini ya kiti.

"Niitieni mmoja mmoja."

Alianza Clifford, kijana aliyeandika programu ya mchezo.

"Mligombana na Kageha?"

"Tuligombana, kukhu," akajibu, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Alikataa jina langu litangulie. Lakini nizamishe jasho langu mwenyewe?" Akatoa simu. "Mtu akicheza, napokea picha za mahali alipofika. Picha tu, si mchezo. Jana saa kumi na moja jioni kuna mtu alicheza."

Saa hiyo Kageha alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Alirudi hakuna stima, akalala bila kuigusa kompyuta.

Edah akainamia simu. Alikuwa anaitazama nyumba yake ya Butali, jinsi Kageha alivyoichora mchezoni: karai la buluu, pazia lililoungua pembeni, kila kitu mahali pake. Yule msichana wa mchezo alikuwa amesimama nje ya chumba cha kulala.

"Hapa anatakiwa kufanya nini?"

"Aingie, achukue karatasi chini ya kitanda chako. Asipoingia, hadithi haiendelei. Huyu alifika mlangoni, akarudi, akazunguka nyumba, akafika tena, akarudi. Nusu saa nzima!"

Akafuata Phineas, kakake Kageha.

"Si wewe uliyeapa kuitupa hiyo kompyuta chooni?"

"Niliapa, kukhu. Inamalizanga stima, simu yangu haichaji. Lakini huo mchezo nimeumaliza mara tatu! Kwa kitanda chako naingianga mbio, hata hodi sipigi."

"Huna adabu."

"Ni mchezo, kukhu!"

Edah akaonyesha kidole upande wa kwa Shitanda. "Kamwite baba yako. Asimame nyuma ya ukuta."

Shitanda akaja, akasimama upande wa pili, kofia mkononi. Edah akageuza kiti, akaangalia barabara.

"Leo mkwe anahojiwa na ukuta," Makhanu akacheka.

"Shitanda, umewahi kukiona kitanda changu?"

"Sijawahi, mama. Ni mwiko."

"Clifford njia anaijua. Phineas haoni haya. Aliyeshindwa kuuvuka mlango wangu, hata kwenye kompyuta, ni yule aliyekatazwa kuuvuka."

Kageha, aliyekuwa ameketi pembeni mwa baraza, aliinuka. "Baba?"

"Sokoni walisema mimi nimo kwenye huo mchezo," Shitanda akasema polepole. "Nikaufungua. Nikajikuta jikoni nachoma michoro ya mtoto, na maneno ni yangu yale yale. Kesho mji mzima ungeniona."

"Si ulichoma kweli?" Kageha akauliza.

"Nilichoma."

"Na hii ukazamisha."

"Nikazamisha."

Kageha akaketi chini, kanga mdomoni.

"Bado hujasema," Edah akamwambia mkwewe. "Ingekuwa aibu peke yake, ungeizamisha palepale ulipojiona ukichoma. Nusu saa mlangoni kwangu ulikuwa unatafuta nini?"

Nyuma ya ukuta kofia ilisikika ikikunjwa na kukunjuliwa.

"Nilitaka kufika mwisho, mama. Nilitaka kujua kama yule msichana anarudinga kwa baba yake."