Meno ya Difu ya Mbele

Kila siku akitoka shule, Swabra alikula upesi, akafunga kitambaa kichwani na kwenda kwenye karakana ya baba yake, nyuma ya soko la Gitega, Burundi. Kazi yake ilikuwa kuosha nati na vyuma kwa mazuti, yaani dizeli, ndani ya beseni kuukuu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa kawaida aliimba akiosha. Wiki hiyo hakuimba. Alisugua kila nati kana kwamba ndiyo iliyomtukana.

Aliyetukana alikuwa ng'ambo ya uzio wa mabati: fundi Houssein. Huyo Houssein alikuja kwa Mzee Nassoro, baba yake Swabra, hajui hata spana inashikwaje. Akalishwa, akafundishwa, na siku alipofungua karakana yake akapewa jeki ya kuanzia. Shukrani ya punda ni mateke! Na teke lenyewe lilikuja kwa sababu ya pikapu ya Urbano.

Urbano alikuwa mkulima wa Butihinda, mkoani Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, alikokulia ukimbizini. Pikapu yake ilikuwa ya zamani, naye aliinyanyua juu kwa springi ndefu na magurudumu makubwa ili ipite kwenye tope. Ikapita kweli, lakini mlimani ikaanza kuhema. Aliileta kwa Mzee Nassoro akitaka giaboksi mpya ya gia tano.

"Gia ya tano itakupa mbio kwenye lami, haitakupa nguvu mlimani," Mzee Nassoro alimwambia. "Umeweka magurudumu makubwa, lakini meno ya difu yamebaki ya magurudumu madogo. Injini inabebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Tafuta krauni nzito zaidi, yaani vile vyuma vya meno ya difu, mbele na nyuma, na giaboksi yako uiache."

Houssein alisikia yote. Jioni akamvuta Urbano pembeni, na wala hakujisumbua kushusha sauti. "Patron, Mzee macho yake yamechoka. Gari yako ataiharibu. Lete kwangu, hizo krauni mi natoa Muyinga." Urbano akahamisha gari.

Swabra aliibwaga nati ndani ya beseni kwa hasira. Ushauri ni wa baba, mteja ni wa baba, na tusi juu yake! "Baba, utanyamaza tu?"

"Riziki haivutwi kwa kamba, mwanangu. Achana naye."

Lakini Swabra hakuachana naye. Alilala na kisasi, akaamka nacho.

Mafundi wa mtaa ule walikuwa na desturi yao. Ijumaa wakienda msikitini hawakufunga milango. Aliyebaki alilinda karakana zote, na hakuna aliyewahi kupoteza hata msumari. Ijumaa ile alibaki Swabra.

"Dada, uniangalilie na kwangu," Houssein alisema akipita na kanzu yake nyeupe.

"Nenda bila wasiwasi," Swabra akajibu kwa ulimi wa asali.

Walipokwisha kupinda kona, akaingia kwa Houssein. Krauni zilikuwa zimefika kutoka Muyinga, seti mbili ndani ya magunia, moja ya mbele na moja ya nyuma. Swabra alilijua somo la baba yake: difu zote mbili ziwe na meno ya hesabu moja. Zisipolingana, siku dereva akitia gia ya mbele, ile inayofanya magurudumu yote manne yavute, ya mbele na ya nyuma yatavutana mpaka kitu kivunjike. Kwao kulikuwa na seti ya zamani, umbo lile lile, meno tofauti. Aliibeba akihema, akaitia kwenye gunia la mbele, na ile nzuri akaificha chini ya matairi mabovu. Moyo wake ulijaa furaha, tena furaha mbaya. Akilini alimwona Houssein akiaibika mbele ya mtaa mzima, gari limekatika vyuma na watu wanacheka. Na acheke nani kama si yeye?

Jumatatu pikapu ikawa tayari. Houssein aliijaribu kwenye lami, ikapanda kilima cha soko bila kuhema. Watu wakapiga makofi. Swabra akangoja kishindo. Hakikuja.

"Baba, mbona hatii gia ya mbele?"

"Kwenye barabara kavu haitiwi, mwanangu. Ataitia kwao, kwenye utelezi wa mlima."

Wakati huo mkewe Urbano, Jeska, alikuwa akipanda mbele na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa amemleta mtoto kwa daktari, na sasa walikuwa wanarudi. "Kwaheri, binti!" alimpungia Swabra mkono. Gari likaondoka.

Swabra alisimama pale pale, mkono juu. Moyo mmoja ulimwambia: nyamaza, Houssein atalipa tu. Moyo wa pili ulimwonyesha yule mtoto mgongoni. Alijaribu kurudi kwenye beseni lake, akashindwa hata kushika nati. Kisha mvua ikaanza kupiga mabati, naye akakimbilia kwa baba yake.

"Baba! Lile gari litawaua!" Akasema yote, huku analia.

Mzee Nassoro hakumpiga. Alimshika mkono, akampeleka moja kwa moja kwa Houssein. "Mwambie yeye."

Houssein aliposikia alinyanyua mkono, kisha akaushusha. "We Swabra! Mi nilikuachia mlango wazi!"

Walipiga simu ya Urbano, haikupatikana. Mzee Nassoro akaazima gari la jirani, wakapakia krauni nzuri na vyombo, wakaifuata njia ya Muyinga. Njia nzima Swabra aliomba dua mpaka midomo ikamkauka.

Waliwakuta Muyinga mjini. Pikapu ilikuwa imesimama kando ya duka, na Urbano alikuwa barazani na mkewe wakingoja mvua ipungue kabla ya kuushika mlima. Swabra akaketi chini kwenye maji, akasema alhamdulillahi.

Mzee Nassoro alimweleza Urbano yote, kisha mafundi wakanyanyua gari kwa jeki, wakazungusha magurudumu, wakahesabu. Mbele na nyuma havikulingana. Houssein akafuta uso. "Mzee, ulinifundisha kuhesabu meno tena kabla ya kufunga. Nilihesabu siku zilipofika, basi, sikurudia. Na yale maneno kuhusu macho yako... unisamehe."

"Nimekusamehe. Washa taa, tufanye kazi."

Urbano akamgeukia Swabra. "Binti, ulitaka kumuumiza nani?"

"Houssein."

"Na Houssein angekuwa wapi gari linapoporomoka?"

"Gitega," Swabra alinong'ona.

"Na sisi?"

Swabra alipiga magoti, akaomba radhi kwa Urbano, kwa Jeska, na kwa Houssein pia, na hilo la Houssein ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Kisha alihesabu yeye mwenyewe meno ya kila krauni kwa sauti, kabla hazijafungwa.

Kesho yake, kazi ilipokwisha, Urbano alifungua mlango. "Panda, binti, uuone huo mlima. Na baba yako apande."

Mlima wa Butihinda ulikuwa tope tupu. Urbano akatia gia ya mbele, na pikapu ikapanda polepole, magurudumu yote yakivuta pamoja. Katikati ya mlima Swabra alichungulia dirishani. Ukingo wa njia ulikuwa hapo hapo, na chini yake korongo lenye mawe. Mtoto wa Jeska alikuwa amelala begani kwa mama yake, hana habari. Swabra akafunga macho.

"Fungua macho, utazame," Mzee Nassoro alisema taratibu. "Houssein alinitukana mimi, na mimi nina ulimi wa kumjibu. Wewe kisasi chako ukakipeleka kwa watu wasiojua hata kwamba tuna ugomvi. Ndivyo kisasi kilivyo, mwanangu. Unakituma kwa mtu mmoja, kinaingia kila nyumba iliyo njiani. Ukidhulumiwa, sema waziwazi, mchana, mbele ya aliyekudhulumu."

Swabra alitazama korongo mpaka walipofika juu. Kisha akamwomba Jeska ampakate mtoto.

Jeska alimtazama kidogo, akamtoa mtoto begani na kumpa.