Bibi wa Mahema na Mkalimani wa Baraza

Jua lilikuwa limeanza kuzama Mkalimani alipopanda darini kuanua nguo. Upepo wa jangwani ukishaamka jioni, nguo iliyosahauliwa kwenye kamba hurudi ndani imejaa mchanga. Na mumewe, fundi seremala mwenye ngozi laini kuliko ya mtoto mchanga, akivaa shati lenye mchanga hujikuna mpaka majirani wanaulizana kulikoni.

"Mama watoto, usilisahau lile la bluu!" akapaza sauti kutoka sebuleni.

"Nimesikia! Usiku utalivaa wapi, kwani una harusi?"

Mume akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka tangu wahamie nyumba hii ya serikali. Ilikuwa na bomba ndani, na katika nchi ile ya mchanga, mwenye bomba ndani ni mtu aliyefika. Wengine wote walipanga foleni na ndoo zao kwenye tangi la Baraza. Yeye Mkalimani hakuwa akicheka sana. Kila alipofungua bomba, sauti ya maji ilimfanya ageuke nyuma.

Akaanua shati. Akaanua magauni ya wanawe. Akashika shuka kubwa lililokuwa mwisho wa kamba.

Chini ya shuka kulikuwa na miguu.

Mikavu. Imepasuka visiginoni, imefunikwa vumbi jeupe.

Dari lile lilikuwa na ngazi moja tu, nayo ilipita sebuleni, mbele ya macho ya mumewe.

"Nani?"

Ukasikika mlio. Khh… khh… Kama mtu anayejaribu kumeza mate asiyokuwa nayo. Harufu ikamjia puani, harufu ya kiriba kikuukuu, ya ngozi ya mbuzi iliyokaa na maji mpaka yakavunda.

"Maji…"

Neno lile lilisemwa kwa lugha ya watu wa mahema.

Nguo zikamdondoka Mkalimani mikononi. Sauti ile aliijua.

Sheria ya nchi ile ilikuwa moja kwa wote: kila shauri lisikilizwe kwa lugha ya Baraza. Watu wa mahema, wanaoishi huko jangwani na mbuzi wao, hawakuijua lugha hiyo. Kwa hiyo maneno yao hayakuhesabiwa kuwa yamesemwa mpaka mkalimani ayaseme. Na alilosema mkalimani ndilo lililokuwa limesemwa, basi. Serikali nzima ilikuwa na watu wawili wa kazi hiyo, yeye na mdogo wake wa kike, Kitinda. Wote wawili walifundishwa lugha ile na bibi yao mzaa mama, aliyezaliwa hemani.

Siku moja, kabla hawajahamia nyumba hii, Mtawala aliuliza mbele ya Baraza kama watu wa mahema wanakubali kukitoa kisima chao, kifungwe pampu, maji yaletwe mjini. Akasimama bibi mmoja mwembamba. Akasema taratibu, kama anayeongea na mtoto:

"Mwambie tumezika watu wetu kando ya kisima hicho, na watoto wetu wanakunywa hapo. Hatukitoi. Atutoe roho kwanza."

Mtawala hakumtazama bibi. Alimtazama Mkalimani. Na jana yake katibu wa Baraza alikuwa amemnong'oneza habari za nyumba yenye bomba.

"Wanakubali," akasema Mkalimani.

Bibi akamgeukia, macho yamemlainika. "Asante kwa kunifikishia, mjukuu wangu."

Askari waliotumwa kuwahamisha walirudi peke yao. Walisema watu waliondoka na jua kali bila maji. Bibi walimkuta ameketi mchangani, amekufa, mdomo wazi kama aliyekuwa katikati ya maneno. Wengine, wanawake na watoto, hawakuonekana tena. Mkalimani alijiambia kwamba yeye ni mdomo tu. Mdomo haufukuzi mtu.

Na sasa bibi alikuwa darini kwake.

Kulikuwa na kata ya maji pale ya kunyunyizia nguo. Akaichukua, akaipitisha chini ya shuka. Vidole vikaipokea, baridi, vigumu kama vijiti. Akasikia mtu akinywa… akinywa… kwa muda mrefu kuliko maji ya kata ile.

Kata ikarudi imejaa mchanga mkavu.

"Mjukuu wangu," sauti ikanong'ona, "nilisema nini mle ndani?"

"Bibi, nisamehe…"

"Nilisema nini?"

Akayasema. Yote, neno kwa neno, kwa lugha ya bibi yake, machozi yakimtiririka mpaka shingoni.

"Basi, baki nayo."

Upepo ukalipeperusha shuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Alishuka ngazi akijikwaa. Mumewe akainuka. "Vipi? Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Akafungua mdomo kumweleza. Likatoka neno la lugha ya mahema. Akajaribu tena. Likatoka lingine. Lugha ya Baraza, aliyozaliwa nayo, aliyomtongozea mumewe na kuwabembelezea watoto, ilikuwa imefutika kinywani mwake. Alikuwa akiielewa. Kuisema hakuweza.

"Umeanza kunisengenya mbele yangu?" mume akatania. Kisha akamwona macho, na utani ukamkauka. Akatoka mbio kumwita Kitinda.

Kitinda alisikiliza habari yote akiwa amemshika dada yake magoti. "Dada, nyamaza tu," akamsihi. "Nitawaambia unaumwa. Ukienda kusema haya, watatufukuza sote. Wafikirie watoto."

"Ninawafikiria watoto," dada akajibu. "Wa kule pia."

Asubuhi wakasimama mbele ya Baraza. Wazee wa Baraza walikaa kwenye viti vyao virefu, Mtawala katikati, na mhudumu wa maji nyuma yake. Mkalimani akasema yote. Kitinda akatafsiri, sauti ikimkatika, lakini hakuacha neno.

Wazee wakaangalia vidole vya miguu yao.

"Umemaliza?" Mtawala akauliza kwa upole. "Unadhani sikujua? Mtu akikataa, uso wake unatosha. Kila aliyekuwemo humu alijua. Nilikuwa nakosa mdomo tu wa kusema wamekubali. Sheria ni sheria; ungesema amekataa, ningefanya nini?"

Mkalimani akaelewa. Kumbe neno lake moja, lile la kweli, lingetosha.

Mtawala akakohoa. Mhudumu akammiminia maji. Akanywa. Akaashiria mengine, akanywa, yakamwagikia kidevuni. Kisha akakamata mikono ya kiti, akatazama juu ya bega lake, pasipokuwa na mtu, akasema jambo.

"Mheshimiwa?" Katibu akamwinamia.

Akalirudia, kwa sauti zaidi. Lilikuwa la lugha ya mahema. Harufu ya ngozi iliyovunda ikaenea ukumbini, wazee wakaziba pua.

"Anasema nini?" Katibu akawageukia wale dada. "Nyinyi! Anasema nini?"

Mkalimani alikuwa amemsikia vizuri. Mtawala alikuwa akisema: *Mwondoeni. Mwondoeni huyu anayenipumulia sikioni.*

Kitinda akanyoosha mgongo.

"Mheshimiwa anasema pampu ing'olewe leo, kisima kirudishwe kwa wenyewe."

Mtawala akapiga kelele, akatikisa kichwa. Lakini lilikuwa limeshasemwa. Mkalimani alimtazama mdogo wake, akiwa hana lugha ya kukanusha, wala moyo wa kukanusha.

Pampu iling'olewa. Hakuna mtu wa mahema aliyekuja kunywa pale mpaka leo. Mkalimani amerudisha funguo za nyumba ya serikali, anapanga foleni na ndoo yake kama wengine, na mumewe amejifunza maneno machache ya kumwuliza kama amelala vizuri. Huwa hajalala. Mtawala bado anatawala, na Kitinda anakaa kando ya kiti chake tangu asubuhi hadi jioni, akiwaambia watu anachosema.

Juzi alimtembelea dada yake, amevaa kitambaa kipya cha hariri. Alikunywa maji ya mtungi, akaomba tena, na tena. Akaegemea ukuta akatabasamu.

"Yule mzee wa Baraza aliyekuwa akinidharau," akasema, "leo amefukuzwa mjini. Mtawala hakumtaja kabisa." Akafuta midomo yake iliyopasuka. "Dada, kumbe ni rahisi hivi?"