Droo ya Wazazi

Droo ilikuwa imechomolewa nzima nzima. Inspekta Dominic Lagorio aliinama, akalimulika tundu lililobaki kabatini kwa tochi. Hamkuwa na kitu ila vumbi na kibanio cha nywele.

"Ilikuwa na nini?" aliuliza.

"Kwani hujui? Si mmeiba ninyi?"

Aliyejibu alikuwa Mvua, msichana mwembamba mwenye shanga hadi kiunoni. Ndiye aliyekwenda polisi asubuhi ile na kupiga kelele kwamba amekuja kuripoti wizi. Walipomwuliza mwizi ni nani, akasema, "Ninyi, nguruwe wakubwa!" Mkuu wa kituo alikuwa na kichwa kinachomwuma, basi akamtupia Lagorio kazi hiyo.

Ilikuwa Septemba 1969, San Francisco. Nyumba ile mtaani iliitwa Swichibodi. Ilikuwa na simu mbili, makochi yaliyopasuka, na vijana waliojibu kila swali la dunia. Unatafuta pa kulala? Swichibodi. Daktari asiyekusimanga? Swichibodi. Wakili, maana hutaki kupelekwa Vietnam? Swichibodi.

Na kwa wazazi kulikuwa na droo. Mzazi aliyemkosa mwanawe alipiga simu, maneno yake yakaandikwa kwenye kadi, kadi ikangoja drooni. Mtoto akitaka, atakuja kuisoma. Asipotaka, shauri yake. Mbele ya kadi ni pa mzazi, nyuma ni pa mtoto aandike lake, na hakuna mfanyakazi aliyethubutu kuigeuza mpaka mtoto mwenyewe aseme itumwe. Mzazi haambiwi mwanawe yuko wapi, wala havuki kizingiti. Ndiyo maana watoto waliiamini Swichibodi.

Lagorio aliyajua hayo. Mara tatu amewapa wazazi waliolia mezani kwake namba ya Swichibodi, kimyakimya, mkuu asisikie.

"Kadi ngapi?"

"Mia nne na kitu," alisema Kobe, mwanzilishi wa nyumba, jitu la ndevu na sauti ya pole. "Afande, mtaa mzima unasema tumewauza watoto kwa polisi. Tangu asubuhi simu haijalia hata mara moja. Droo isipopatikana, tunafunga."

"Jina lako kamili?"

"Kobe."

"La kwa baba."

"Hapa hatuulizani la kwa baba. Ukija unaitwa utakavyo, basi."

"Mungu wangu," Lagorio alinong'ona, akaandika Kobe.

Mlango wa mbele haukuwa na kufuli. Lakini kizingitini walilala watu sita juu ya magodoro, na wote walisema hakuna aliyewaruka akitoka na droo. Mlango wa nyuma ulizibwa na kochi.

"Basi droo haijatoka humu," alisema Lagorio.

"Unatusingizia sisi!" Mvua aliruka.

"Binti, hebu pumua kidogo. Kuna jambo lolote jipya kuhusu hizo kadi?"

Kobe alikuna ndevu. "Zimejaa mno. Tulibandika tangazo wiki mbili zilizopita kwamba za zaidi ya mwaka tutazichoma. Siku yenyewe ni kesho."

Lagorio alilisoma tangazo ukutani, akarudi.

"Waite wote. Kila mmoja aniambie kadi anayoikumbuka, angalau tuanze kuandika upya."

Walikaa sakafuni. Mmoja alikumbuka dada anayeolewa. Mwingine alikumbuka bibi mgonjwa huko Ohio, au Iowa, hana hakika. Wakababaisha hivyo hivyo mpaka ikafika zamu ya Mama Supu.

Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, mikono ya shamba. Tangu Januari alikuja kila asubuhi wengine wakiwa bado wamelala, akapika sufuria kubwa ya supu, akavua aproni saa sita na kwenda zake. Supu iligawiwa jioni. Akiwa jikoni hakuna aliyeingia, maana mwiko wake haukuwa na mchezo.

"Mimi naikumbuka moja," alisema taratibu. "'Emil, Bruno amekufa, hakuteseka. Simu yetu ni ile ile. Piga hata kama hutasema kitu.'"

Kobe aliinua kichwa.

"Naijua hiyo," alisema Kobe. "Niliiandika mimi mwenyewe, mwaka jana. Lakini niliandika 'mbwa amekufa'. Nilitaka kuuliza mbwa aliitwa nani, nikasikia yule mama analia, simu ikakatika."

Lagorio alimtazama Mama Supu. Yeye alitazama mikono yake.

"Mama," Lagorio alisema, na kofia akaivua. "Twende jikoni."

Mama Supu mwenyewe aliinua gunia la dengu. Chini yake ilikuwepo droo, imefunikwa kwa taulo safi iliyokunjwa vizuri. Mvua na Kobe walisimama mlangoni.

"Jina lako?"

"Ludmila Kroupa. Natoka Nebraska."

"Emil ni nani wako?"

"Ni mwanangu wa pekee." Alijifuta mikono kwenye aproni. "Aligombana na baba yake juu ya vita, akaondoka na shati moja. Sasa Vaclav amekaa na simu kule nyumbani, hatoki hata kwenda kanisani. Mimi nikaja kukaa na kadi. Nilijua mzazi haingii. Lakini hawaulizi majina, nami najua kupika."

"Mbona hukuchukua ile moja tu?"

"Ingekosekana moja, mngeuliza ya nani. Na hao wengine je? Zile za zamani zote zina mama kama mimi. Nilitaka ipite kesho, basi. Wangeikuta droo kabatini tena. Sikujua mtaa utawageuka." Alimgeukia Kobe. "Nisamehe, mwanangu."

"Ulitudanganya miezi tisa!" Mvua alifoka, machozi yakimtoka. "Mtoto gani atakuja hapa akijua mama wa mtu amejificha jikoni?"

Lagorio alikuwa ameshaitoa kadi ya Emil drooni.

"Nyuma umesoma?"

"La! Nyuma ni pa Emil."

"Miezi tisa, umekaa nayo humu, na hukuigeuza?"

"Ndiyo sheria, afande."

"Sheria yenu hiyo," alisema Lagorio, "mimi hainihusu." Akaigeuza kabla Mvua hajamfikia. Alisoma kimoyomoyo, kisha akasoma kwa sauti:

"'Jumanne, Septemba tarehe mbili. Nimeona tangazo lenu. Tafadhali msiichome hii, huja kuisoma kila Jumanne. Bado sijaweza kupiga simu. Supu yenu ina kiungo cha kisibiti kama ya mama.'"

Kobe alijishika kichwa. Yule mtoto aliwaomba, akaandika mahali pekee ambapo hata mmoja wao asingesoma.

Mama Supu aliketi juu ya gunia. "Alikula," alisema. "Afande, alikula. Nami saa sita nilikuwa nakwenda zangu."

"Leo ni siku gani?" Lagorio aliuliza, ingawa alijua.

"Jumanne," alisema Kobe. Mvua alijifuta pua kwa mkono.

"Mzazi havuki kizingiti," alisema Mvua. "Atatoka nje sasa hivi." Akaishika sufuria kwa upande mmoja. "Mbona mnanitazama? Kobe, shika huku! Anagawa supu mlangoni. Nje si ndani."

Jioni ile droo ilikuwa kabatini. Nje foleni ilifika kona ya mtaa, maana habari za droo kupatikana zilikwishaenea. Lagorio naye alipanga foleni, bakuli mkononi, akatukanwa nguruwe mara mbili, akaitikia salama. Kwenye daftari lake aliandika: kitu kilihamishiwa jikoni, hakuna kosa.

Kijana mmoja mrefu mwenye ndevu alisimama ng'ambo ya barabara. Alimwona aliyeshika mwiko. Hakusogea, wala hakuondoka.

Mama Supu alimwona pia. Hakuita jina. Alijaza bakuli moja hadi juu, akaliweka pembeni kizingitini, akaendelea kuwagawia wengine na kungoja.