Jina la Mzee Sumaili Kwenye Kipaza Sauti

Nyumbani kwa kina Douce Kankolongo, katika mtaa wa Mikelenge mjini Kindu, hakukuwa na saa ya ukutani. Saa yao ilikuwa Mzee Sumaili. Kila alfajiri mzee huyo alisimama msikitini akaadhini kwa sauti nene iliyofika mpaka mtoni. Hapo Kaku Émilienne aliketi kitandani, akasema, "Saa imelia," kisha akapiga magoti na kusali sala zake za Kikristo. Kaku ndivyo Wakasai wanavyomwita bibi. Kazi ya reli ndiyo iliyomleta babu yake Douce kutoka Kasai, na familia ikabaki hapo Kindu. Douce, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliamka baada ya Kaku. Alifagia ua, akanywa uji, akapanda baiskeli yake nyekundu kwenda shule.

Jumapili moja Mwalimu Archange, kijana aliyewafundisha watoto kanisani, aliwaletea tangazo.

"Mwezi ujao kwaya inakwenda Lokandu kwa mtumbwi wa mota," alisema. "Kuna nafasi moja ya mtoto. Ataipata yule atakayempelekea Habari Njema mtu asiye wa kanisa letu, na mtu huyo akaipokea. Jumapili ijayo nitasoma majina kwenye kipaza sauti, mtaa wote usikie!"

Watoto walishangilia. Douce hakushangilia, kwa sababu alikuwa ameshafika Lokandu. Akilini mwake alikuwa ameketi mbele kabisa ya mtumbwi, upepo ukimpiga usoni.

Jumatatu akaanza kazi. Alimwendea mwendesha pikipiki aliyekuwa akisubiri abiria.

"Baba, unajua kwamba Yesu anakupenda?"

"Umwambie asante," alijibu yule bwana, akawasha pikipiki. "Nitarudi sasa hivi." Hakurudi.

Mama muuza mikate alimsikiliza sentensi mbili, kisha akamtia mkate wa moto mdomoni. "Kula kwanza, mutoto." Mkate ulikuwa mkubwa. Douce alipomaliza kutafuna, wateja saba walikuwa wamejipanga mbele yake.

Youssouf, aliyekaa naye dawati moja, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anaweza kukubali, lakini kwa sharti kwamba Douce amfanyie hesabu hadi mwisho wa mwaka. Douce alilifikiria sharti hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Ndipo akamkumbuka Mzee Sumaili. Mchana mzee huyo alitengeneza baiskeli kwenye kibanda chake, mkabala na kanisa. Humo mlikuwa na benchi, beseni la maji, makopo ya gundi, na ukutani rimu moja ya zamani ya gurudumu, iliyopinda ikawa kama yai. Watoto walijiuliza kwa nini haitupi. Tena, kila mtu alijua kwamba Mzee Sumaili hamkatizi mgeni aliyeketi kwenye benchi lake. Mgeni akizungumza, yeye husikiliza mpaka mwisho. Ndivyo alivyolelewa.

Shida ilikuwa moja tu: baiskeli ya Douce ilikuwa nzima.

Jumanne, baada ya masomo, Douce alijificha nyuma ya ukuta wa shule, akafungua valvu ya gurudumu la nyuma na kuachia upepo wote. Kisha akaisukuma baiskeli mpaka kibandani akiwa na uso wa huzuni. Mzee Sumaili aliutoa mpira wa ndani, akauzamisha kwenye beseni akitafuta tundu. Alipokuwa akitafuta, Douce alimweleza jinsi Yesu alivyozaliwa.

"Ehe," alisema mzee kwa heshima. "Ndiyo. Ehe." Kisha akakuna kidevu. "Ajabu. Hakuna tundu."

Jumatano likawa gurudumu la mbele. Alhamisi yakawa yote mawili. Ijumaa Mzee Sumaili aliwahi msikitini, kwa hiyo baiskeli ikapona yenyewe. Jumamosi ikaugua tena.

"Mutoto yangu," alisema mzee, "hii baiskeli iko na ugonjwa gani? Asubuhi nakuona unakimbia nayo, saa ya kutoka shuleni inakufa."

"Ni njia mbaya, Mzee," alijibu Douce haraka, akaanza habari ya baba aliyekuwa na watoto wawili, mdogo akaondoka nyumbani na kupoteza kila kitu. Alipofika pale baba anapomwona mwanawe kwa mbali na kumkimbilia, Mzee Sumaili aliiweka pampu chini.

"Alikimbia? Muntu muzima?"

"Alikimbia, Mzee."

Mzee aliiokota pampu. "Ule baba ni muntu muzuri," akasema.

Douce aliruka kutoka kwenye benchi. Kwake hilo lilitosha! Hakumaliza hata ile habari. Alimpelekea Mwalimu Archange jina la Mzee Sumaili likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa.

Mwalimu alishangaa. "Una hakika? Alikwambia ameamini?"

Douce aliuona mtumbwi akilini. "Ndiyo, Mwalimu," akasema.

Jumapili kipaza sauti cha juu ya paa kilinguruma. "Neema amemleta shangazi yake! Na Douce Kankolongo," sauti ya Archange ikapanda, "amempata Mzee Sumaili, fundi wa baiskeli! Mzee Sumaili amempokea Yesu!"

Kitambaa cha kichwa cha Kaku Émilienne kilianguka. Mkabala na kanisa, Mzee Sumaili alikuwa akifunga spoki. Spoki ikamponyoka ikaruka barabarani.

Siku ile kibanda hakikukosa watu. Watoto walimwita Pasta. Mwendesha pikipiki yule yule alisimama kumpongeza. Mama Mwanahamisi, mke wa Mzee Sumaili, alikuja na mwiko mkononi. "Miaka makumi matatu na mitano nakupikia," alisema, "na habari ya nyumba yangu naisikia kwa paa ya kanisa?"

Mpaka hapo Douce angeweza kucheka. Lakini Jumanne alfajiri aliamshwa na sauti asiyoijua. Ilianza juu sana, ikapasuka katikati, ikakohoa, ikaanza tena. Ilikuwa sauti ya kijana Kassim, akiadhini badala ya Mzee Sumaili.

Kaku Émilienne alikaa kitandani muda mrefu. "Saa yetu imeharibika," akasema.

Shuleni Youssouf alimweleza yote. Wazee wa msikiti walikuwa wamemwomba Mzee Sumaili apumzike kuadhini mpaka mambo yajulikane. Alikana, ndiyo, lakini watu walikuwa wamemwona wiki nzima akizungumza na Douce.

"Walimuuliza, 'Basi yule mutoto ni muongo?'" alisema Youssouf. "Akasema, 'Mutoto ya watu siwezi kumuita muongo mbele ya watu. Atakuja yeye mwenyewe.' Sasa anakungojea weye."

Mchana ule Douce hakupita njia ya kibandani. Alizunguka mbali, akafika nyumbani na matope mpaka magotini. Kaku alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Aliposikia habari yote, pamoja na ile ya valvu, aliuacha mchi ndani ya kinu.

"Umeiona ile rimu iliyopinda kwa Sumaili?" aliuliza.

"Ile kama yai?"

"Eeh, njo ile. Wakati wa vita, mji umezingirwa, watu wenye silaha walikuwa wanatafuta wale waliotoka mikoa mingine. Sumaili alinificha mimi na baba yako siku kumi na moja, kwenye chumba cha nyuma. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiogopa naimba. Naimba nyimbo za kanisa, tena kwa Kiluba! Sauti yangu unaijua."

Douce aliijua. Mbuzi wa jirani pia waliijua.

"Mtu yeyote angesikia, angejua kuna Mkasai ndani. Mama Mwanahamisi aliniomba ninyamaze. Nilijaribu, nikashindwa. Basi kila nikianza kuimba, Sumaili alitoka nje akachukua rimu nzima, mpya kabisa, akaipiga nyundo. Pa! Pa! Pa! Wapiganaji wakapita, wakamuuliza, 'Mzee, unafanya nini?' Akasema, 'Nanyoosha rimu.' Siku kumi na moja ananyoosha! Wakamwona ni fundi mbaya kuliko wote wa mkoa wa Maniema, wakaenda."

Kaku alicheka, kisha macho yake yakalowa.

"Sikiliza sasa. Mimi nilikuwa mikononi mwake. Angeniambia, 'Émilienne, uwe Mwislamu ndiyo nikufiche,' ningefanya nini? Hakusema. Wala hakwenda msikitini kutangaza kwamba amenipata. Mimi niliyejificha kwake alinilinda niendelee kumwimbia Yesu. Na weye, jina lake umelifanya tiketi ya mtumbwi."

Douce alilia mpaka sombe ikasubiri. Kisha akanawa uso, akaisukuma baiskeli yake mpaka kibandani. Mzee Sumaili alimwona akiwa mbali.

"Imekufa tena?"

"Hapana, Mzee. Ni nzima. Ilikuwa nzima siku zote. Ni mimi niliyekuwa natoa upepo. Na nilimdanganya Mwalimu kwamba umeamini. Nisamehe."

Mzee Sumaili aliendelea kukaza nati. "Upepo nilijua," alisema. "Nilikuwa nangoja nione utachoka lini. Kuhusu hili lingine, mimi nimekusamehe. Lakini ule uongo ulisemwa kwa paa ya kanisa, mtaa wote ukasikia, mutoto yangu. Mimi niko na sikio moja tu hapa."

Douce alielewa. Alivuka barabara. Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, na Mwalimu Archange alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema mwisho. "Niliweka zawadi juu ya jambo lisilo mchezo." Akakiwasha kipaza sauti na kumpa.

Douce alikishika kwa mikono miwili. "Mimi ni Douce Kankolongo," alisema, na sauti yake ikatoka juu ya paa ikiwa kubwa kuliko alivyotegemea. "Mzee Sumaili hakuniambia kwamba ameamini. Alinisikiliza tu, kwa sababu ana adabu. Mimi nilisema uongo ili niende Lokandu. Na nilikuwa natoa upepo kwenye baiskeli yangu mwenyewe. Naomba radhi kwa Mzee, kwa Mama Mwanahamisi, na kwa watu wa msikiti."

Mama muuza mikate alicheka kwanza, kisha habari ya baiskeli ikawachekesha na wengine. Mwalimu Archange alivua kofia, akaenda mwenyewe msikitini kuwaeleza wazee.

Jioni, saa ya sala ya magharibi, ile sauti nene ilipita juu ya mabati mpaka mtoni. Inasemekana aliyefurahi kuliko wote alikuwa Kassim.

Nafasi ya Lokandu ilikwenda kwa Neema. Siku mtumbwi ulipoondoka, Douce alikaa ukutani akiisikiliza mota ikipotea mbali. Kaku alikuja akaketi kando yake.

"Kaku, kwa hiyo nimeshindwa? Nisiwaambie watu tena habari za Yesu?"

"Uwaambie! Mimi nimezisema maisha yangu yote. Lakini uziseme kwa kweli, bila kumnasa mtu kwenye benchi. Akikataa, abaki jirani yako. Akinyamaza, usimjibie. Kazi yetu ni kusema kweli na kuishi vizuri na watu. Moyo wa mtu ni kati yake na Mungu, kalamu yako haifiki huko."

Kesho yake Douce alipita kibandani kwa baiskeli, magurudumu yote yakiwa magumu kama jiwe. Mzee Sumaili alimpungia bisibisi.

"Simama! Kaa kwenye benchi."

"Baiskeli ni nzima, Mzee."

"Nani alisema benchi ni ya baiskeli? Ulinikatia habari katikati. Ule mutoto mudogo alirudi, sawa. Kaka yake mukubwa je? Aliingia kwa karamu ao alibaki inje?"

Douce aliegemeza baiskeli ukutani, akaketi. Siku zile alikuwa na haraka kiasi kwamba habari ile yeye mwenyewe hakuwahi kuisoma mpaka mwisho.

"Sijui, Mzee," alisema kwa unyofu. "Nitasoma leo, nitakwambia kesho."

"Mimi niko hapa," alisema Mzee Sumaili, na akarudi kwenye spoki zake.