Cheti cha Ukutani na Shimo la Kiwanjani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Aline alifagia baraza ambayo baba yake aliifanya ofisi, kisha akafuta vumbi kwenye kioo cha cheti. Cheti kilisema kwamba baba huyo, Isidore, komisioneri, yaani dalali, wa viwanja katika mji wa Baraka kando ya ziwa, alihudhuria semina ya siku tatu ya utunzaji wa mazingira. Tangu kitundikwe, wateja walikisalimia cheti kwanza, Isidore baadaye.

Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka 2003. Milimani bunduki zilikuwa hazijanyamaza, lakini watu waliokimbilia ng'ambo ya ziwa walianza kurudi, na kila aliyerudi alitafuta mahali pa kujenga. Mmoja wao alikuwa mama Émilienne, mjane mwenye wajukuu watatu, aliyeshuka botini kwenye bandari ya Kazimia na sasa alilala katika jengo la kanisa. Isidore alimwonyesha kiwanja karibu na mto Mutambala: tambarare, chenye majani mabichi hata kiangazi. Mama akakipenda. Alisema amekwisha kuhama mara nne kwa ajili ya vita, na sasa anataka mahali ambapo hatahama tena. Wakapatana kutia sahihi Jumamosi.

Aline aliposikia, alirudisha tonge la ugali sahanini. Semina ile ilifanyika darasani mwao. Jumatatu iliyofuata michoro ilikuwa bado ubaoni, na mwalimu Bertin, mtu asiyependa kupoteza kitu, akaifanya somo. Wanafunzi walijifunza kwamba ardhi inayobaki mbichi kiangazi huficha maji karibu. Choo kikichimbwa hapo, uchafu huingia kisimani, na kipindupindu hufuata. Kupima kwake ni rahisi: chimba shimo la kina cha mkono jioni, lifunike kwa jani la mgomba, litazame asubuhi kama limeingia maji.

Baba yake hakuyajua hayo. Kila asubuhi ya semina alitia sahihi, akatoka kutafuta wateja, akarudi siku ya tatu kupokea cheti. Daftari alilopewa lilikuwa na jina lake tu juu ya jalada. Ndani hamkuwa na neno hata moja.

Aline angenyamaza, wajukuu wa mama Émilienne wangekunywa maji yale. Angesema mbele za watu, ingekuwa kumvua baba yake nguo. Ijumaa alasiri, alipompelekea maji ya kunawa na wakiwa wawili tu, alisema polepole:

"Papa, ile kiwanja ya mama Émilienne, umepima maji yake?"

"Maji gani? Mto uko mbali."

"Maji ya chini, Papa." Akamweleza habari ya shimo na jani la mgomba.

Isidore akacheka kidogo. "Sasa ile cheti iko ya nani, yangu ao yako?"

"Yako, Papa. Lakini somo nilibaki nalo mimi."

Isidore akanawa mikono mara ya pili, ingawa ilikwisha kutakata, akaondoka. Aline alidhani amemuudhi.

Asubuhi jembe halikuwapo mlangoni. Aline alikimbia hadi kiwanjani, akamkuta baba yake amepiga magoti, jani la mgomba mkononi. Kumbe alikuja kuchimba jioni ile ile. Shimo lilijaa maji hadi nusu, na ndani yake aliogelea chura.

"Huyu amehamia kabla ya mama Émilienne," Isidore alisema. Wakacheka wote wawili, na moyo wa Aline ukatulia.

Mama Émilienne alipofika kutia sahihi, Isidore alimweleza yote, hata habari ya semina. Mama akainama kuchungulia shimo. "Bunduki zimenihamisha mara nne," alisema. "Chura huyu ameniepusha na ya tano."

Isidore alipima viwanja vitatu vingine. Katika cha tatu, kule kilimani, shimo lilibaki kavu, na mama akajenga hapo. Cheti kilishushwa ukutani. Kila Jumamosi Isidore alikaa kwenye dawati la binti yake mbele ya mwalimu Bertin, magoti karibu na kidevu, akijaza daftari.

Mvua za mwezi wa kumi ziligeuza kiwanja cha mtoni kuwa dimbwi. Wajukuu wa mama Émilienne walilala pakavu. Siku daftari lilipojaa, Isidore alimpa Aline nyundo na msumari ili akirudishe cheti ukutani.

"Niliitaka karatasi hii ili watu waniamini," alisema, "wala sikutaka kujua inasema nini. Lakini watu hawajengi juu ya karatasi, mutoto wangu. Wanajenga juu ya udongo. Anayetaka kuaminiwa ajifunze kwanza, na asione haya hata kama mwalimu wake ni mtoto aliyemzaa."

Aline akapigilia msumari.